Sanjar Asikoroge Mchele

Mume wangu hajui kucheza gemu na mimi sijui kupika. Nalisema hili mapema ili lisije likatumika dhidi yangu baadaye. Kwa miezi kumi na minne tuliishi kwa raha mustarehe kwenye fleti yetu ya Chilonzor, mjini Tashkent, ghorofa ya nne, kwa sababu kila mmoja alishika kazi anayoiweza. Bahrom, ambaye mchana hutengeneza lifti za watu, jioni alijifunga aproni na kukata karoti. Mimi, ambaye mchana hutengeneza meno ya bandia, nilikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, pedi ya gemu mikononi, nikiitazama televisheni ya sebuleni na kumsimulia vita. Yeye ananiuliza, "Wameshaingia mjini?" Mimi namuuliza, "Nyama imeshaiva?" Ndoa yetu ilikuwa hivyo, na sikuona kasoro yake.

Sheria yetu ilikuwa moja. Kabla ya chakula tunapambana raundi moja, na anayeshindwa anaosha karai. Bahrom ameosha lile karai la chuma kila siku tangu tuoane, isipokuwa mara mbili: siku moja nilikuwa na homa, na siku nyingine ilikuwa birthday yake nikamwonea huruma.

Sasa, kwetu mke wa mtoto wa kwanza hakai ghorofani Tashkent na mumewe kama wapangaji wawili. Anakaa uani kwa mama mkwe, anafagia alfajiri, anamimina chai, anajifunza mkono wa nyumba ile. Mama Oyniso, mama yake Bahrom, alituachia tuje mjini kwa sababu ya kazi ya mwanawe, lakini aliweka sharti mbele ya harusi nzima. "Nendeni," alisema. "Mwakani nitakuja kula. Nisiporidhika, mkwe wangu anarudi nami Marg'ilon mwaka mzima akajifunze, na wewe Bahrom utabaki na lifti zako." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Mama Oyniso hakucheka.

Mwaka ukapita, ukaongezeka miezi miwili, nami nikaanza kuamini amesahau. Kwenye simu alikuwa ananiuliza, "Leo umepika nini, mkwe?" Nami nilikuwa mwangalifu sana. Nilijibu, "Leo kumepikwa tambi za lag'mon, Mama," au, "Leo kumepikwa supu." Kweli kulikuwa kumepikwa. Nani kapika, hakuuliza, na mimi si mtu wa kujibu nisichoulizwa.

Jumapili moja akapiga. Anakuja Jumamosi kwa treni ya asubuhi, atakaa siku kumi, na siku ya kwanza anataka osh, yaani pilau ya kwetu, ya mkono wangu.

Bahrom alinifundisha wiki nzima, maskini. Jumatatu nilitengeneza manti, zile za kukunja unga juu ya nyama, zikatoka na mizizi mitatu mitatu kama magego. Mkono umeshazoea. Jumatano nilijaribu osh, ikawa uji. Bahrom alionja, akasema, "Ni laini."

"Sema ukweli."

"Mke wangu, mtu asiye na meno angekushukuru sana."

"Asiye na meno namtengenezea meno! Mama yako anayo yote!"

Nilicheka, halafu nikalia hapo hapo, huku nimeshika upawa. Sikuwa naogopa kufagia uani alfajiri, nimefagia sana kwetu. Niliogopa mwaka mzima bila jioni zangu. Niliogopa kukata vitunguu Marg'ilon huku Bahrom yuko hapa anakula mkate mkavu, na hakuna wa kumsimulia mji gani umetekwa. Nampenda yule mtu. Hata gemu ikinishinda, nikisikia kisu chake kinagonga ubao, moyo unatulia.

Wazo lilikuwa langu, nalibeba mwenyewe. Kwenye gemu mimi ni kamanda. Nina watu Samarkand, nina watu Almaty, sijawahi kuwaona sura, nawaongoza kwa mdomo tu na ngome zinaanguka.

"Kama mimi naweza kumwambia mtu wa Almaty apande ukuta," nikamwambia Bahrom, "wewe unashindwaje kuniambia nikaange kitunguu? Wewe utakaa sebuleni na Mama, umevaa hedifoni, unajifanya unacheza na rafiki yako. Mimi niko jikoni na simu, kisikizi kiko sikioni chini ya kitambaa. Utamwita rafiki yako Sanjar. Sanjar ni mimi."

"Na gemu?"

"Fungua uwanja wa mazoezi, bonyeza bonyeza. Usiguse vita vyangu."

Mama Oyniso alishuka kwenye treni na mzigo wa kutosha harusi: gunia dogo la mchele wake mwekundu, karoti za njano za bustanini kwake, mikate sita, na tikiti moja alilolibeba kifuani muda wote hadi mlangoni. Alinibusu. Akaingia moja kwa moja jikoni. Akaangalia karai, akaangalia aproni iliyoning'inia, ambayo ingenizunguka mara mbili. Akapitisha kidole gumba kwenye ubao wa kukatia, ambao umelika upande mmoja. Kisha akakitazama kigoda changu pale mlangoni, na mto wake wa maua.

"Mm," akasema, akaenda kuketi.

"Bahrom-aka," nikaita kwa adabu zote, maana mbele ya mama yake siwezi kumwita Bahrom kavu kavu, "ukae na Mama, mimi naanza kupika."

"Haya. Mama, naomba nicheze kidogo. Rafiki yangu Sanjar ananisubiri."

"Cheza, mwanangu," akasema Mama. "Nimekuja kula tu."

Nikafunga mlango wa jikoni. Sikioni nikasikia sebule yote: saa ya ukutani, pumzi za Bahrom, hata Mama akikohoa.

"Sanjar," akasema Bahrom kwa sauti ya kijeshi, "mafuta yameanza kutoa moshi?"

"Yanatoa," nikanong'ona.

"Tumbukiza mifupa."

Kisha sauti ya Mama: "Anatumbukiza wapi mifupa?"

"Kwenye handaki, Mama. Mifupa ya... ya maadui."

"Astaghfirullah."

"Ni gemu tu, Mama. Sanjar, leta vitunguu, vyote kwa pamoja!"

"Vita gani hivyo vina vitunguu?"

"Ni mabomu. Tunayaita vitunguu ili adui asituelewe."

"Na yule adui hajui vitunguu?"

Mimi nilikuwa nimeuma kitambaa cha sahani nisicheke, na mabomu yangu yalikuwa yanaanza kuwa mekundu.

"Sanjar, yakipata rangi ya mkate, ingiza nyama."

"Nyama ndiyo nini?" Mama akauliza.

"Askari wa miguu."

"Wawe wa kondoo, wa ng'ombe watachelewa."

Hapo nikasimamisha upawa. Lakini nikajiambia, Zilola, tulia, huyu ni mama mtu mzima, vita vimemnogea. Mtu akiwa na shida huamini analotaka. Nikaingiza nyama, nikageuza, nikasubiri amri.

"Karoti sasa, Sanjar. Kilo moja."

"Kilo moja kwa mchele ule nilioleta?" Sauti ya Mama ilikuwa imesogea, bila shaka alikuwa amehamia karibu na kinasa sauti. "Mchele ule ni mkavu, unakunywa sana. Mwambie Sanjar aongeze robo."

"Mama, Sanjar anasikia."

"Vizuri. Nilidhani hana masikio."

Nikaongeza robo. Ningefanya nini? Baada ya hapo sikujua tena naongozwa na nani. Bahrom akisema maji, Mama anasema yawe ya moto. Bahrom akisema bizari, Mama anasema Sanjar aisugue kwanza viganjani. Bahrom akisahau vitunguu saumu, Mama anamkumbusha kuwa ngome haina walinzi. Nami nikasugua, nikamimina, nikapanda walinzi wangu vichwa vizima vizima katikati ya karai. Harufu iliyopanda hapo sijawahi kuisababisha mimi maishani mwangu. Nilisimama juu yake nikaivuta hadi miwani ikajaa mvuke.

Mchele ukaingia. Maji yakaja juu yake kiasi cha kiungo kimoja cha kidole, kama nilivyoamriwa. Yakaanza kuchemka, na nikaona mchele umelundikana upande mmoja kama kichuguu. Sipendi vitu visivyo sawa, ni ugonjwa wa kazi yangu, jino likizidi nusu milimita mtu halali. Nikachukua upawa. Upawa ukagonga ukingo wa karai, kengele moja ndogo tu.

"SANJAR ASIKOROGE MCHELE!"

Sikuhitaji kisikizi. Sauti ile ilipita ukutani, na nina hakika hata majirani wa ghorofa ya tano waliweka miiko chini. Nilirudisha upawa mahali pake kwa vidole viwili. Sikioni Bahrom alisema kwa sauti ndogo sana, "Umemsikia, Sanjar."

Maji yalipokauka nikaukusanya mchele uwe kilima, nikautoboa matundu, nikaufunika na sahani na juu yake mfuniko uliofungwa kitambaa. Dakika ishirini na tano hakuna anayefungua, hata nyumba ikiwaka moto. Na katika dakika hizo mke wa nyumba hupeleka chai.

Nilijiangalia kwenye kioo cha dirisha, nikaweka kitambaa sawa, nikabeba birika na piyola, vile vibakuli vyetu vya chai, nikaingia sebuleni nimeinamisha kichwa kama bibi harusi. Kumimina chai naweza. Hilo nililijua tangu nina miaka sita: mgeni unammiminia kidogo, chini ya nusu, akimaliza unammiminia tena, na tena, kwa sababu unataka akae. Ukimjazia hadi ukingoni umemwambia anywe ashike njia. Kwetu hata mtu anayemchukia jirani yake hamjazii.

Nikapiga goti mbele ya Mama Oyniso, nikaanza kumimina, na nikafanya kosa la kuinua macho.

Bahrom hakuwa kwenye uwanja wa mazoezi. Alikuwa kwenye vita vyangu. Vya kweli! Alikuwa juu ya ukuta na mwanamke wangu wa farasi, kamanda niliyemlea miezi kumi na minne, mwenye upinde walioupata watu wawili tu ninaowajua, na alikuwa anamzungusha tu pale pale kama kuku. Nyuma yake, kwenye ngazi ya kushoto, walikuwa wanapanda wanaume saba wenye mashoka.

"Bahrom!" nikapiga kelele. "Nyuma yako! Ngazi ya kushoto, wewe! Kata kona! Siyo hicho kitufe, cha pembetatu, CHA PEMBETATU!"

Akabonyeza cha duara. Kamanda wangu akashuka kwenye farasi na kupiga saluti.

Wakati mashoka yanamfikia nikahisi joto kwenye magoti. Nikatazama chini. Piyola ya Mama Oyniso ilikuwa imejaa hadi ukingoni, imepita ukingo, chai inateremka kwenye kitambaa cha meza hadi kwenye gauni langu, na mkono wangu bado unamimina.

Kwenye televisheni ikaandikwa kwa herufi nyekundu kwamba mji umeanguka.

Mama Oyniso aliitazama ile piyola. Akanitazama mimi. Akamtazama mwanawe na hedifoni zake.

"Nimekuja leo asubuhi," akasema. "Tikiti sijalikata. Tayari nafukuzwa?"

"Mama, hapana! Mama, wallahi hapana, mkono tu..."

"Na yule mwanamke aliyekufa pale ni wa nani?"

Ningeweza kusema ni wa Sanjar. Nilichoka. "Ni wangu," nikasema. "Mimi ndiye ninayecheza. Bahrom hajui hata kitufe cha pembetatu. Na mimi sijui kupika, Mama. Chakula chote cha mwaka huu kapika yeye. Nilikuwa nasema 'kumepikwa' ili nisiseme uongo." Kisha nikavua kitambaa, nikatoa kisikizi, nikakiweka kwenye meza kando ya ile chai. "Sanjar ni mimi."

"Wewe unanidhania mimi mjinga?" Hakupandisha sauti, na hilo liliniogopesha zaidi. "Bahrom anatumia mkono wa kushoto tangu mdogo, na ubao wenu umelika kushoto. Kila nikimpigia jioni namuuliza unafanya nini, ananiambia nimekaa tu, Mama. Mtu aliyekaa tu hakati karoti. Nasikia kisu. Nani alimfundisha kukata vile kama si mimi? Nina wana watatu na sina binti, ulidhani nilipika peke yangu miaka yote?"

"Basi kwa nini uliweka sharti?" Bahrom akauliza. Alikuwa amevua hedifoni na nywele zimemsimama. "Kwa nini umekuja kutupima?"

"Sikuja kumpima huyu. Nyamaza." Akageukia kwangu tena. "Baba yake alipofariki, huyu hakugusa kisu miaka miwili. Nilikuwa nampikia, anakula kama anameza dawa. Halafu anaoa, anahamia mbali, na jioni nasikia kisu kwenye simu. Nikajiuliza, anapika kwa sababu moyo umerudi, au anapika kwa sababu amepata mke mvivu anayemtuma? Kwa simu huwezi kujua. Kwa hiyo nikuulize, na unijibu vizuri. Akipika, wewe unakuwa wapi?"

"Kwenye kigoda, mlangoni."

"Unafanya nini?"

"Namsimulia vita, Mama. Naye ananiuliza maswali. Hajui kucheza lakini majina ya maaskari wangu wote anayajua. Halafu tunapambana raundi moja, na anayeshindwa anaosha karai."

"Nani huosha?"

"Yeye," tukasema wote wawili pamoja.

"Mama," akasema Bahrom, "ukimchukua mimi sitapika. Sikutishi. Nakwambia tu ilivyo. Nitakula mkate na chai mpaka umrudishe."

Macho yangu yakajaa maji, nikajifanya nafuta chai kwenye kitambaa cha meza. Hajawahi kuniambia maneno kama yale, hata siku ya harusi. Siku ya harusi aliniambia viatu vyake vinabana.

Mama alitazama saa ya ukutani. "Dakika ishirini na tano," akasema. "Fungua."

Tukaenda wote watatu jikoni, mimi na birika langu. Nikainua mfuniko, mvuke ukatoka, na mchele ulikuwa umesimama punje moja moja, mwekundu, karoti zinang'aa, hakuna uji popote. Nikapakua kwenye sahani kubwa, nyama juu, vitunguu saumu katikati. Mama akala kwa mkono, pole pole. Tonge la kwanza. Tonge la pili. Mimi nilihesabu vigae vya ukutani.

"Chumvi imepungua," akasema. "Sanjar hakuambiwa, nilikuwa nacheka."

Kisha akajifuta mkono, akavuta birika upande wake. Nikaruka kulichukua, maana mimi ndiye mdogo na chai ni kazi yangu, mkubwa hammiminii mdogo. Akanipiga kofi dogo la vidole mkononi, kama unavyomfukuza paka. Akachukua piyola safi, akamimina. Akamimina kidogo sana, kiasi cha kufunika maua yaliyochorwa chini yake tu, funda moja kwa shida. Akaishika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa kifuani, akanisogezea.

Niliitazama ile chai kidogo, nikaipokea kwa mikono miwili. Hata Bahrom aliielewa. Aliacha kula, akaushika ukingo wa meza.

"Kunywa, nikuongezee," akasema Mama Oyniso. "Nina siku kumi hapa. Kesho wewe na Sanjar wenu mtanipikia tena, na chumvi safari hii. Na yule mwanamke wa farasi, anaweza kufufuka?"

"Kesho, Mama. Anarudi kesho."

"Lakini leo amekufa mikononi mwa Bahrom?"

"Mikononi mwa Bahrom."

Mama akasukuma sahani kubwa katikati ili sote tuifikie, akachagua kichwa kimoja cha kitunguu saumu, akakiweka upande wangu.

"Basi Bahrom," akasema, "karai lako hilo."